Siku Mfereji Ulipogeuka

Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia rafiki yangu kuhama. Ziwa limemfuata hadi jikoni, na watoto wake walikuwa wanapitisha vyombo dirishani kwa sababu mlangoni hapapitiki tena. Nilipoinama kuokota sufuria, harufu ya tofali bichi lililolowa ikanipanda puani, nikalazimika kutoka nje na kushika mti. Rafiki yangu alidhani ninaumwa. Nikamwambia ni njaa tu. Sisi wa umri huu tuliokulia upande wa chini, kati ya barabara na ziwa Tanganyika, tunaijua harufu ile. Haifanani na ya matope, wala ya maji machafu. Ni harufu ya ukuta unaotaka kurudi kuwa udongo, na mimi kila ninapoisikia namwona ndugu yangu Yasini.

Kwetu kulikuwa mtaa wa Ruziba, chini kabisa, mahali ambapo ukichimba shimo la choo unakutana na maji hata jasho halijakutoka. Upande mmoja tulikuwa na mto, upande mwingine mfereji, mbele ziwa. Mfereji ulichimbwa kabla sijazaliwa ili uyateremshe maji ya milimani, yapite pembeni mwa nyumba na kuingia ziwani bila kumsumbua mtu. Lakini mvua za kila mwaka ziliujaza mchanga na mawe, na aliyekuwa akiuzibua ni baba. Hakuna aliyemtuma. Alikunja suruali, akashuka na koleo, na sisi wengine tukasimama ukingoni tukimwangalia. Bustani yetu ya lengalenga, yaani mchicha, na vitunguu ilikuwa hapo hapo. Akitaka maji yaingie bustanini alizuia mfereji kwa ubao, yakitosha aliutoa. Kwangu mimi, mwenye maji alikuwa baba.

Siku moja kambambili yangu, ndala ya mguu wa kushoto, ilitumbukia ikachukuliwa. Nilikimbia nayo pembeni hadi kwenye kona, pale mfereji unapopinda kuelekea ziwani, ikanishinda. Nikarudi ninalia.

"Imeenda, mama," baba aliniambia. Ndivyo alivyoniita, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Itarudi lini?"

"Apana. Kitu kikisha kufika ku ziwa, hakirudi." Akacheka, akanibeba mgongoni ili nisikanyage mawe. Sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Baba alikufa kwa homa ya siku nne. Nilikuwa na miaka saba, na Yasini alikuwa bado ananyonya. Kwetu wasichana hawaendi makaburini, kwa hiyo nilibaki mlangoni nikiangalia jeneza likivuka daraja la mbao juu ya mfereji, wanaume wakipokezana mabega, likiteremka pembeni mwa maji. Lilipofika kwenye kona likapotea. Hakuna aliyenionyesha kaburi. Nilichojua ni kwamba baba alikwenda njia ile ile ya kambambili yangu.

Wanawake waliokuja kupika matangani ndio walionieleza yaliyobaki, kwa namna yao ya kumnyamazisha mtoto. "Mama yako anakaa eda. Miezi ine na siku kumi. Hatoki mu nyumba ya bwana yake mpaka siku zitimie."

"Zikitimia?"

"Zikitimia, basi, kila kitu kitakuwa muzuri tena. Kula chakula yako."

Wasomaji wangu, jiwekeni mahali pangu. Mama nilikuwa nimemwona akikaa akingoja mara nyingi, jioni za kila siku, mlangoni, na kila mara aliyengojwa alikuwa baba na kila mara alifika. Sasa mama amevaa nguo nyeupe, hajipaki mafuta, haendi sokoni, na asubuhi akimaliza kuswali anachora mstari mmoja wa mkaa ukutani juu ya kitanda. Mtu anayehesabu siku anangoja nini, kama si mtu? Sikumuuliza mama, maana niliona ni jambo linaloeleweka. Nilianza kuitazama mistari ile kama watoto wanavyoutazama mwezi wa Idi.

Kisha mvua zikaja. Mwanzoni hatukuzijali. Mto ulivimba ukanywea, kama kawaida yake. Lakini ziwa halikunywea. Lilipanda polepole, kila wiki hatua moja, likala ufukwe, likala bustani za wenzetu, likaingia katika shule iliyokuwa chini kabisa. Watu walikuwa wanachomeka vijiti mchangani na kesho yake wanakwenda kuviangalia, vimezama. Wazee wa mtaa walizungumza wakishika viuno. Mimi nilikuwa na shughuli zangu.

Shughuli yangu ilikuwa mashua. Nilizitengeneza kwa magome ya mgomba, nikazitia mferejini mbele ya nyumba na kuzikimbilia hadi kwenye kona. Asubuhi moja nikatia mashua, nikaanza kukimbia, nikageuka kuitazama, haipo. Ilikuwa inakwenda nyuma. Polepole, bila haraka, inapanda kuelekea milimani, kinyume na maisha yangu yote. Nikafikiri ni upepo. Nikatia kijiti, nacho kikapanda. Kumbe ziwa lilikuwa limejaa hata kuupita mdomo wa mfereji, na maji hayakuwa na pa kwenda ila kurudi yalikotoka. Hayo nilikuja kuelezwa nikiwa mkubwa. Siku ile nilichokiona ni vitu vinavyorudi: kidumu cha mafuta, magunzi, kichwa cha mwanasesere, na kambambili tatu, ingawa yangu haikuwamo.

Nilikimbia ndani. "Mama! Mfereji unarudi!"

Mama alikuwa ananyonyesha. "Unarudi wapi?"

"Unarudi kwetu!"

Alimtoa Yasini kifuani, akaja hadi mlangoni, akasimama kwenye kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka tangu msiba, akatazama. Akasema, "Ee Mungu wangu," kwa sauti ndogo. Nami nikadhani anashukuru. Siwezi kuwaeleza furaha niliyokuwa nayo. Baba alisema kilichofika ziwani hakirudi, na sasa kilikuwa kinarudi mbele ya macho yangu.

Jumapili baba mdogo akaja. Alikuwa fundi wa magari mtaa wa Buyenzi, mbali na ziwa, mtu wa maneno mengi na mikono myeusi kwa grisi, na alimpenda kaka yake sana. Alikuja na mifuko ya mchanga na vijana wawili, wakaipanga kuzunguka nyumba. Alipomaliza akabisha hodi, akaongea na mama akiwa amesimama nje, kwa heshima ya eda.

"Shemeji, hii mifuko ni ya kudanganya roho tu. Maji inatoka chini, haina habari na mifuko. Nyumba ni ya matofali ya udongo. Fungeni vitu twende kwangu."

"Siku zangu hazijatimia," mama akasema.

"Mu maji namna hii?"

"We ni fundi ya magari, si shehe. Mi sitaki kumukosea kaka yako akiwa amelala. Nitauliza."

Na aliyetumwa kuuliza nilikuwa mimi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mwanamke akiwa na swali la dini na hawezi kutoka, mtoto anakwenda na swali na kurudi na jibu, na jibu hilo ni jibu, hakuna anayelikagua. Mama alinifunga mtandio, akanishika mashavu. "Mimi siwezi kwenda ku musikiti. We ndiye miguu yangu. Muulize, naruhusiwa kutoka mbele siku hazijaisha, sababu ya maji? Usisahau hata neno moja."

Shehe wetu alikuwa bado kijana, mwembamba, mwenye kikohozi. Ndiye aliyekuwa akitufundisha madrasa, na mimi nilikuwa hodari wake wa kuhifadhi. Nilimkuta anatoa mikeka nje kuianika. Nikasema swali langu lote. Hakufikiri hata kidogo.

"Atoke leo, si kesho. Hii ni dharura. Eda ataimalizia Buyenzi kwa shemeji yake, siku zake hazipotei hata moja. Mungu hataki mutu afe mu maji. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sema."

Nikayasema yote, neno kwa neno. Akanigusa kichwa, akaniambia nikimbie.

Sikukimbia. Nilipita pembeni mwa mfereji, na maji yalikuwa yanapanda pamoja nami, yananisindikiza nyumbani. Daraja la mbao lilikuwa limeshafunikwa, nikavuka nikishika kamba. Nikawaza: baba akifika akute nyumba imefungwa? Akute mama ameondoka kabla ya siku, baada ya kungoja mistari yote ile? Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Nawaapia sikuona kwamba ninasema uongo. Niliona kwamba shehe hajui. Hakuuona mfereji ukigeuka. Mimi nilikuwa nimeuona.

"Shehe anasema nini?"

"Anasema ungoje mpaka siku zitimie."

Mama akafumba macho. "Amesema hivyo? Na maji umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Basi," akasema. Hakuniuliza zaidi. Akainua ncha ya kitanda, akaanza kuweka matofali chini ya miguu yake.

Siku zilizofuata tuliishi kitandani. Maji yalipita chini ya mlango, kwanza ya kulowesha unyayo, kisha ya kufunika kifundo cha mguu. Tulipika juu ya meza, kwenye jiko la mkaa, na moshi haukuwa na pa kutokea. Vyura waliingia. Yasini aliwafurahia, akiwanyooshea vidole kutoka mgongoni kwa mama. Ukuta ulibadilika rangi kutoka chini kwenda juu, kila siku kiganja kimoja, hadi ukaifikia mistari ya mkaa. Safu ya kwanza ikavuja ikawa masizi. Mama akaanza safu mpya juu zaidi. Alikuwa na homa na hakusema. Usiku na mchana nilimsikia akinong'ona dua, na nilimsaidia kwa kuitikia amina, maana nilijua tunaomba kitu kimoja.

Majirani waliondoka mmoja mmoja, godoro kichwani. Baba mdogo alirudi Jumapili ya pili, akakuta tumebaki sisi na nyumba nyingine tatu. Alisimama majini nje ya dirisha, mtu mzima, akalia.

"Shemeji, kwa ajili ya mutoto."

"Shehe amekataza."

"Amekataza? Mwenyewe?"

Mama akanionyesha kwa kidevu. Baba mdogo akanitazama. Ningeweza kusema pale. Siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa maji, lakini niliogopa zaidi kuharibu kazi yote tuliyokwisha kuifanya. Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Dini gani hii," akasema baba mdogo. Akaondoka bila kuaga, na hakurudi hadi alipoitwa.

Ukuta haukuanguka wakati wa mvua. Hilo ndilo watu wasiojua huwa wanaliuliza. Ulianguka siku ya jua, saa nne asubuhi, maji yakiwa yamepungua kidogo na majirani waliobaki wakianika blanketi juu ya mabati. Mama alicheka siku ile, mara ya kwanza tangu msiba. Alimwosha Yasini, akamnyonyesha, akamlaza upande wa ukutani asije akaviringika akaanguka majini, akatoka uani kukamua nepi. Mimi nilikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu mnene anayeketi mchangani. Halafu vumbi. Hata leo silielewi vumbi lile, lilitoka wapi katika nyumba iliyolowa vile.

Mama alichimba kwa mikono. Wanaume wawili walikuja wakachimba naye. Walipompata Yasini alikuwa mzima wa mwili, hana hata mchubuko usoni, amelala alivyolazwa, na udongo umejaa kinywani. Mmoja wa wanaume wale akaanza kuutoa kwa kidole, taratibu, kama vile bado kuna faida. Mama alimwacha amalize.

Walikwenda kumwita shehe kwa ajili ya sala. Alikuja mbio, kanzu ameikunja hadi magotini, akikohoa. Alipomwona mama ameketi kwenye vifusi na mtoto mapajani, akasimama.

"Mama Yasini," akasema, "we ulikuwa bado humu?"

Mama akainua uso. Alikuwa mtulivu kuliko nilivyowahi kumwona. "Si we uliniambia ningoje? Nilikutii, shehe. Nilikutii mpaka leo."

Shehe alifungua kinywa. Kisha macho yake yakanitafuta. Nilikuwa nimekaa juu ya kipande cha ukuta chenye mistari miwili ya mkaa, na nafikiri kila kitu kilikuwa kimeandikwa usoni mwangu. Tulitazamana. Akafunga kinywa. Akashuka, akapiga magoti majini mbele ya mama.

"Kosa ni langu," akasema. "Mungu anisamehe, na we unisamehe."

 Mama aligeuza uso, na tangu dakika ile hakumtazama tena.

Siku za eda zilitimia Buyenzi, kwenye chumba cha nyuma cha baba mdogo. Mama alioga, akavaa nguo ya rangi, wanawake wakaja na udi na sahani za vitumbua. Mimi niliketi langoni tangu asubuhi. Aliyeniuliza nangoja nini nilimwambia namngoja muuza mkate. Muuza mkate akaja akapita. Adhana ya alasiri ikalia, kisha ya magharibi, nikaitwa kula. Nilipokuwa naosha mikono ndipo nilipojua, mara moja, bila kuambiwa na mtu, kwamba baba haji, kwamba hakuwa anakuja hata siku moja, na kwamba nimemuua ndugu yangu bure. Nilikula. Nakumbuka nilikula sana.

Habari ilienea jinsi habari zinavyoenea. Shehe fulani wa Ruziba alimfungia mjane ndani ya maji hadi mtoto akafa. Baba mdogo aliisimulia gereji, msikitini, kila mahali, na watu waliokuwa wakiswali nyuma ya shehe yule walihama mmoja mmoja, kama walivyohama mtaa. Hakujitetea. Alichobadilisha ni jambo moja tu: hakuwahi tena kumpa mtoto jibu. Ukimpelekea swali alivaa viatu akalifuata mwenyewe hadi nyumbani, hata kama ni mbali, hata akiwa mgonjwa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilimfuata. Nilikuwa nimeamua kusema mbele ya wote. Nilimkuta nyumbani kwake, nikaanza, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mama yako amebakiwa na nani?"

"Mimi."

"We peke yako. Ukimwambia, atabakiwa na nani?" Akakohoa muda mrefu. "Nenda ukasome, mwanangu. Hii imeshapata mutu wa kuibeba."

Nikaenda. Nilifurahi kuruhusiwa kwenda, na aibu ya furaha ile inanichoma kuliko ya uongo wenyewe, kwa sababu siku ya uongo nilikuwa mtoto.

Shehe alifariki wiki iliyopita. Mtoto wake wa kwanza alikuja kwangu mapema asubuhi, maana mama anaishi nami sasa, hatembei vizuri. Akaketi ukingoni mwa kiti, kofia mikononi.

"Baba aliacha wosia mumoja tu. Tupite kwa Mama Yasini, tumuombee musamaha mbele hatujamuzika."

Mama alimtazama kijana yule bila chuki. "Pole sana, mwanangu. We huna kosa. Lakini baba yako mi simusamehe. Mwambieni hivyo na mumuzike."

Kijana akasimama, akashukuru, akaondoka. Mimi nilikuwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Nilimsikia akifungua geti. Nilimsikia akilifunga. Ningeweza kumkimbilia hata kwa miguu mitupu. Nilikausha vikombe vyote, nikavipanga, nikavitoa nikavikausha tena. Adhana ya adhuhuri ikalia, nikajua wanamswalia. Saa nane ndipo nilipoingia chumbani, nikaketi sakafuni karibu na kitanda chake.

"Mama. Shehe alisema utoke. Siku ile ile alisema utoke leo, si kesho. Mimi ndiye niliyekuambia ungoje."

Hakushtuka. Alinitazama akianzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayetafuta mahali pa kunishika. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mtandio wake uliokuwa kwenye kiti.

"Wamesha kumuzika?"

"Wameshamzika, mama."

Mkono ukabaki hewani. Akaurudisha taratibu, akauweka juu ya shuka.

"Sasa mi nitaomba musamaha kwa nani?"

 Akageukia ukutani. Ni siku ya saba leo. Anakula nikimpa, anaswali, anaitikia salamu, anamuuliza mtoto wangu habari za shule. Mimi naketi karibu naye kila jioni, ninangoja aniulize kwa nini nilifanya vile, kwa sababu jibu la hilo ninalo, nimelibeba tangu nina miaka saba na naweza kumwambia neno kwa neno. Hajaniuliza.